Nani Kakwambia Unimalizie?

Dar es Salaam, 9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Mwanawema,

Assalaam alaykum. Shikamoo shangazi. Natumai u mzima na goti limepunguza kelele. Mimi sijambo, kazi inakwenda, joto la huku limeshuka kidogo tukapata usingizi. Baba kanipigia kutoka Gombani, anasema mmeshaanza kubishana mbuzi wa Idi anunuliwe wapi. Tafadhali mzuie asimchukue yule wa jirani yake. Mwaka jana tulitafuna mpaka taya zikauma.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua anakuletea binamu Msellem wa melini, pamoja na doti ya kanga na dawa ya kuchulia goti. Ndani ya bahasha kuna picha. Kaa chini kwanza, ndipo uitazame.

Umeiona? Ni kazi yako hiyo! Nilipokuja Idi ya Ramadhani uliniambia nichukue mikeka miwili nije kuiuza huku. Nilipopanda darini kutafuta kamba ya kuifungia, nikayakuta yale makunjo yako ya ukili wa ukindu, lile pambo la mvua ulilokuwa ukilisuka tangu mimi mdogo, yamelala na buibui. Moyo uliniuma, shangazi. Rangi zile zote, nyeusi, kijivu, na ile kijani ya mbali, zinasubiri panya. Nikayatia kwenye mfuko. Sikukwambia kwa sababu nilitaka uje ushangae.

Bi Beata, mwenye jumba la maonyesho ninakofanya kazi, alipoyaona alishika kichwa. Tukawatafuta kina mama wa Mbagala wanaojua mikeka, wakayashona yote pamoja. Pale pambo lilipokataa kukutana, walikata, wakasogeza, wakaunga, na mtu asipoambiwa hajui. Sasa mkeka umetundikwa ukutani, taa zinaumulika, na chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa: MVUA YA KIUYU, MWANAWEMA. Watu wanasimama mbele yake hawataki kuondoka.

Hatimaye umemaliza, shangazi. Natamani ningekuwepo nione uso wako.

Mwanao,
Ummkulthum


Kiuyu, 27 Juni 2024

Kwa Ummkulthum binti Ngwali,

Waalaykum salaam. Marahaba. Idi tumesali salama, alhamdulillahi. Mbuzi alikuwa yuleyule wa jirani, na taya bado zinaniuma. Baba yako hajambo, presha imeshuka baada ya kuacha chumvi kwa siku mbili na kujisifu wiki nzima. Dawa ya goti nimeipokea. Kanga nimempa Masika, mke wa Jaribu wa nyumba ya pili, yule anayekuja kujifunza kusuka kwangu, kwa sababu hivi sasa kitu kitokacho kwako sikitaki mwilini.

Simu yangu nzima. Mwanzo iliisha chaji, na baada ya picha yako nikaamua iendelee kulala. Kwenye simu nikianza kusema utanijibu "sawa shangazi, sawa shangazi", kisha mtandao utakatika na wewe utashukuru Mungu. Nataka haya uyasome mpaka chini. Ukitaka kunijibu, kaa kitako uandike kama nilivyokaa mimi, umpe Msellem.

Nani kakwambia unimalizie?

Nilisema mikeka miwili, ile iliyokuwa nyuma ya mlango. Makunjo yalikuwa darini, na darini nilipanda mwenyewe na goti hili kuyaweka ili mtu asiyaguse. Unaniambia panya! Kila mvua za masika zikianza mimi nayateremsha, nayatandaza uani moja baada ya jingine, nayatazama mpaka macho yachoke, kisha nayarudisha. Hao buibui uliowaona wana adabu kuliko wewe, maana walikaa juu yake wasikate kitu.

"Walikata, wakasogeza, wakaunga." Umeyaandika hayo kwa mkono wako na kalamu haikukuponyoka! Wewe umezaliwa humu. Unajua kwamba ukili husukwa kwanza, mrefu, unausuka na kuukunja, na mkeka wako huuoni mpaka uanze kuushona ukizunguka, ubavu ulale kwa ubavu. Hapo ndipo unapojua kama pambo limekutana au limekukimbia. Likikukimbia ndiyo basi. Mkeka kwetu unakatwa mwisho, ukishashonwa wote. Haukatwi katikati ya kazi ili pambo likubali kwa nguvu.

Niliposhindwa, nilishindwa mimi, kwa mikono yangu. Kwa huo uliotundikwa mimi sikufaulu wala sikushindwa. Basi ni wa nani? Mbona una jina langu?

Uteremshe. Ufumue. Unirudishie kila kipande, hata vilivyoanguka chini ya meza.

Na jambo jingine. Ile picha uliyokuwa ukiichora ya marehemu mama yako akicheka, ukashindwa na mdomo, iko wapi? Nilikuuliza siku ya Idi, ukakimbilia kuosha vyombo.

Shangazi yako,
Mwanawema


Dar es Salaam, 4 Agosti 2024

Shangazi,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Barua yako nimeisoma mpaka chini kama ulivyotaka, kisha nikafunga mlango nikaisoma tena. Huku sote wazima. Nimehamia chumba kingine, kina dirisha kubwa. Baba anasema mikarafuu mwaka huu imebeba, na kwamba umepita nyumbani kwake hukutaja jina langu hata mara moja.

Kuchukua bila ya kuuliza nilikosea, na nakuomba radhi. Hilo la kumalizia silikubali. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema, usinikasirikie nikisema.

Mimi nipo skuli ya msingi wewe unaisuka mvua hiyo. Nilikuwa nakuona: unashona kidogo, unasimama, unatazama, unafumua, unakunja, unapanda darini. Mikeka yako ya harusi inagombewa Konde mpaka Chake Chake, na ule mmoja uliokuwa moyoni mwako kuliko yote hakuna jicho lililouona. Mimi naiita dhulma. Unajidhulumu wewe na unatudhulumu sisi. Hapa mjini kuna watu wanatundika gunia lililotobolewa ukutani, wanaitwa mafundi, wanapigwa picha, na shangazi yangu kazi yake ipo darini! Nilikasirika. Nilichokifanya nilikifanya kwa hasira na kwa mapenzi, na sijui kwa nini unaiona hasira yako tu.

Na wale kina mama wa Mbagala usiwatukane. Mmoja wao aliushika ukili wako akaupitisha vidoleni, kisha akasema mkono uliosuka huu haukuwa na haraka. Gundi waliitia kidogo tu, kwa nyuma.

Kuuteremsha siwezi. Maonyesho yanakwenda mpaka mwisho wa mwaka, na picha ya mkeka imeshasambaa magazetini na kwenye simu za watu. Nikimwambia Bi Beata kwamba mwenyewe hataki, ataniuliza kama niliomba ruhusa. Mimi nilishamwambia niliomba.

Sasa unajua. Maji ya huku yanakatikakatika siku hizi, tunachota kwa jirani, na jirani mwenyewe ana uso wa kununa.

Ummkulthum


Kiuyu, 26 Agosti 2024

Ummkulthum,

Gundi!

Haya, salamu kwanza, baba yako asije akasema wazee wetu hawakunilea. Waalaykum salaam. Marahaba. Tuko kwenye karafuu, mikono ya kila mtu imekuwa myeusi, na ua mzima umetandikwa majamvi mpaka kuku hawana pa kupita. Baba yako kateleza akiteremka mti ambao hakutumwa aupande. Hakuvunjika. Kavunjika hadhi.

Kutia gundi kwenye ukili wangu! Huyo mama aliyesema mkono wangu haukuwa na haraka nimemsikia, na nisingekuwa na hasira ningempenda. Sasa mwambie: kama aliliona hilo, mkasi alishika wa nini?

Unakijua ninachokitafuta, lakini nitakueleza kama ninayemweleza mgeni, kwa sababu umekuwa mgeni. Umesimama shambani, ulipo wewe pakavu, na ng'ambo ya mihogo mvua inakuja. Unaiona ilipofika. Unaona jani la huku halijaguswa na jani la kule linapigwa. Nataka mtu akitandika mkeka huo, upande mmoja uwe mkavu, upande wa pili umeshalowa, na katikati mvua inatembea. Pambo la kawaida linajirudia, ndiyo maana likishonwa linakutana. Mvua haijirudii. Hapo ndipo ninapokwama, mwaka baada ya mwaka.

Kunjo la mwanzo mvua ilisimama wima kama ua wa makuti. Jingine nikailaza, ikalala kweli, ikawa nyasi. Lenye kijani nililitia rangi mapema, ukavu na majimaji vikachanganyika. Na lile jembamba, lile ulilolikuta chini kabisa, mahali pamoja tu, kiasi cha mkono, mvua ilitembea. Nakuapia ilitembea. Kisha ikasimama, na sikujua mikono yangu ilikuwa imefanya nini. Kunjo hilo ndilo nililokuwa nikiliteremsha na kuligeuza kila mwaka, nitafute nilipopapata na nilipopapoteza. Mwalimu wangu alikuwa huyo. Ndiye uliyempeleka Mbagala akatwe.

Unanitajia mikeka ya harusi. Unadhani imetoka wapi? Ile miraba ya pembeni wanayoniiga watu, niliijua siku nilipoliharibu kunjo la nyasi. Kijivu kisichochuja nilikipata nikipika rangi ya mawingu, nikaunguza sufuria mbili na mama akanifukuza jikoni. Kila mkeka wangu uliotandikwa kwenye nyumba ya mtu umetoka kwenye makunjo yale yaliyoshindikana. Halafu mtoto niliyembeba mgongoni ananiambia nimejidhulumu!

Ulimwambia Bi Beata kwamba uliomba. Nenda ukamwambie hukuomba. Uso utakuunguza, kisha utapoa.

Na picha ya mama yako? Umeniandikia maji yanakatika. Sikukuuliza maji.

Mwanawema


Kiuyu, 6 Oktoba 2024

Ummkulthum,

Assalaam alaykum. Hujanijibu. Msellem amekuja na kurudi, na kurudi tena, mikono mitupu, na akiniona njiani anapata ghafla shughuli upande wa pili. Baba yako mzima. Maulidi yalikuwa mazuri, tumekula, tumesoma, nimekuombea dua kwa kinywa kilichokunjwa.

Nilisema sitaandika mpaka uandike wewe. Lakini jambo limetokea, na nisipolisema litanipasua.

Juzi jirani yetu Soud alimwoza binti yake, Mwanabaraka. Nikavaa, nikaenda. Kufika chumba cha bibi harusi nikaona mkeka umetandikwa ambao sijapata kuuona Kiuyu, una vipande vyeusi vimekatwa na kuungwa, na gundi imekauka pembeni inang'aa kama kamasi. Mama wa bibi harusi akanishika mkono mbele ya watu wote.

"Njoo, Bi Mwanawema, njoo weye ukae kwenye jina lako!"

"Jina langu? Hichi ch'ani?"

"Si pambo lako hili la Dar? Tumeliona kwenye simu. Sote twalisuka sasa, twakata, twatia gundi. Twaliita Mwanawema."

"Miye sijamfunza mtu kukata ukili."

"Ah, usijitie unyonge nawe! Lapendeza! Hata Wete washaliulizia."

Nikakaa chini, Ummkulthum. Nikaupita mkeka nikakaa kwenye sakafu, na nguo zangu za harusi, na goti hili. Walipotaka kuniinua ilibidi waje wawili. Na unajua walisema nini? Walisema Bi Mwanawema mnyenyekevu, hataki kukalia jina lake mwenyewe. Nilitaka kulia kwa hasira, nikala pilau.

Miaka yote nimeshindwa kwa raha yangu, hakuna aliyenihurumia wala kunipigia makofi. Leo ninasifiwa mji mzima kwa kitu ambacho sikukifanya, na nikikikana wanasema nina adabu. Nikifa kesho, watoto wa hapa watakua wakidhani Mwanawema alikuwa mwanamke wa gundi.

Kama umekasirika, niandikie kwamba umekasirika. Kama una aibu, niandikie. Ukinyamaza naogopa. Wewe tangu mdogo ukinyamaza ujue kuna kitu umekivunja.

Mwanawema


Dar es Salaam, 10 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Mvua za vuli zimeanza huku na dirisha langu kubwa linavuja. Mwambie baba asipande miti. Barua zako zote mbili nilizipata. Ukinijibu, usiandike tena anwani ya kazini kwenye bahasha. Mpe Msellem, nitamfuata mwenyewe bandarini, siku yoyote, saa yoyote. Siku hizi nina nafasi.

Mkeka nimeuteremsha. Nilikwenda kwa Bi Beata nikamwambia sikukuomba. Palikuwa na wageni, na nilisema mbele yao kwa sababu nilijua tukiwa wawili nitarudi nyuma. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Alisema mkeka niuchukue siku ileile, na siku ukimaliza wa kweli, yeye mwenyewe atauvukia bahari aje kuuchukua.

Nimekaa chini na wembe nikaufumua. Uzi wa kushonea ulitoka kwa upole. Gundi ilikataa, na mahali pengine ilitoka na ukindu wenyewe. Shangazi, kunjo lile jembamba ndilo walilolikata vipande vingi kuliko yote, kwa sababu ndilo lililokataa kuliko yote. Mahali pale ulipopasema, kiasi cha mkono, nimepatafuta kipande kwa kipande mpaka vidole vikaota malengelenge. Sikupaona. Nadhani ndipo mkasi ulipopita. Msellem anakuletea mfuko mzima, kila kitu kimo, hata vumbi lake nimelitia kwenye karatasi. Sina la kukwambia juu ya hilo. Sijui radhi ya kitu kama hicho inaombwa vipi.

Umeniuliza picha ya mama. Nimeipaka rangi nyeupe.

Nilifanya hivyo kabla ya Idi ile. Nilikuwa nimeitoa Gombani nikaja nayo chumbani kwangu huku, kila nikiamka inanitazama na ule mdomo usiokuwa mdomo. Nikiurekebisha, anacheka mtu mwingine. Nikiufuta, anakuwa mgonjwa, na mgonjwa nilishamwona vya kutosha. Nikasema bora pasiwe na kitu. Juu ya ile nyeupe nikachora kapu la matunda, na mwenye mgahawa mmoja akalipenda akalichukua. Lipo ukutani kwake. Nimepita mara moja tu. Machungwa, shangazi. Mama yangu yuko chini ya machungwa.

Ndiyo maana nilipoyaona makunjo yako darini sikuweza kuyaacha. Nilitaka kitu kimoja, cha mtu yeyote wa nyumba yetu, kimalizike.

Ummkulthum


Kiuyu, 19 Januari 2025

Mwanangu Ummkulthum,

Waalaykum salaam warahmatullah. Marahaba, marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu barua ya kwanza niliyoiandika niliichana, na ya pili baba yako aliichana. Alisema mtoto haandikiwi hivyo. Yeye mzima, karafuu ameshazianika na kuziuza, na ananikumbusha kila siku kwamba hakupanda mti tena.

Nimeelewa kwamba kazi huna. Ungelisema tu. Chumba chako kipo, kitanda nimekitoa juani, na wali haujapungua. Ukija, njoo kwa miguu yako, usije kwa kunihurumia.

Mfuko umefika. Niliutandaza uani wote, nikavipanga vipande siku nzima, Masika ananisaidia. Ni kweli, mahali pale hapapo. Nililia. Nililia mchana, mbele ya kuku na mbele ya mtu. Sijakusamehe hilo, na sitaki kukudanganya kwamba nimekusamehe. Pengine litakuja lenyewe.

La mama yako ndilo lililonifanya nichane barua. Ulinikasirikia mimi kwa kuweka kazi mbovu darini, na kumbe wewe ya kwako umeizika hai! Picha ile ilipokuwa bado Gombani nilikuwa nikija naitazama wewe ukiwa hupo. Mama yako hakuwa akicheka kwa mdomo. Wifi yangu alikuwa akicheka kwa mabega, mdomo ameufumba, mabega yanapanda mpaka masikioni. Na mabega uliyapata! Yalikuwa yenyewe hasa. Hukuyaona kwa kuwa ulikazana na mdomo. Picha ile ilikuwa inakwambia ilipo, na wewe ukaipaka chokaa kwa kuwa haikuwa nzuri. Kama hukuitaka, ungeniletea mimi mbovu vilevile nikaiweka na zangu. Nakwambia haya nikiwa na hasira na nikiwa na huruma, na vyote viwili vimenijaa mpaka hapa.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana mpaka leo sijui nimkasirikie nani.

Masika aliombwa na mama mkwe wake asuke Mwanawema kwa ajili ya harusi ya shemeji yake. Mimi nilishasema kwangu mkasi hauingii wala gundi. Basi yeye akakaa kimya akajaribu kuliiga lile pambo bila ya kukata. Pale wenzake wanapokata, yeye akauacha ukindu mweusi uishie hapo na akaingiza wa kijivu, lakini ukingoni tu, upande mmoja, taratibu. Ukili ukapinda. Ukapinda vibaya, haushoneki kwa namna yoyote. Mama mkwe akamsema mpaka majirani wakatoka. Mimi nilimkuta njiani ameufungia mzigo wa kuni.

"Hii kamba umeitoa wapi?"

"Si kamba, Bi Mwanawema. Ni ule ukili wangu ulioharibika. Naona haya."

"Tua huo mzigo."

"Bi Mwanawema, kuni zitamwagika."

"Na zimwagike!"

Nikaufungua palepale, nikaunyoosha njiani, pikipiki zinatupigia honi. Ummkulthum, mvua inatembea. Si kiasi cha mkono. Kutoka pale nilipokanyaga mpaka alipokanyaga Masika, inatembea, ukavu huku na maji kule, kisha ukili unapinda na kila kitu kinakwenda kombo. Miaka yote mimi nilikuwa nabadilisha rangi katikati ya ukili. Huyu kaibadilisha ukingoni. Na kaipata wapi akili hiyo? Kaipata kwa kuiga vibaya kitu cha uongo cha Mbagala, kilichotokana na kuharibiwa kwa kazi yangu, ambayo nayo ilikuwa imeharibika tangu mwanzo! Nilimkumbatia na nilitaka kumpiga. Yeye alidhani nimerukwa na akili, akaanza kuokota kuni zake.

Tumeanza upya, mimi na yeye. Tunasuka mchana akimaliza kazi zake, yeye anashika ukingo, mimi nashika katikati, na tunagombana. Umefika urefu wa ua na umeshapinda. Tumeuacha vivyo hivyo, tunautazama. Ukija utautazama na wewe, jicho lako ni zuri ukiacha kuogopa. Bi Beata mwambie asivuke bahari, hakuna cha kutundika. Hao wanaosuka kwa gundi nao nimeacha kugombana nao. Wakiniita kwenye jina langu nakaa kwenye kiti.

Siumwi zaidi ya goti, kwa hiyo usidhani naaga. Lakini nimeshamwambia baba yako, na wewe nakwambia kwa maandishi ili usije ukasema hukusikia. Siku yangu ikifika, nibebeni kwenye mkeka wowote, hata ule wa plastiki wa dukani, sitainuka kulalamika. Huu wa mvua usiguswe. Usiushone, usiukate, usimwite mtu wa kuusaidia. Mpe Masika ukili huo kama utakavyokuwa siku hiyo. Yeye anajua ulipoharibika.

Shangazi yako,
Mwanawema